Somo: Kifundo cha mkono kinachouma upande wa gumba

Assalamu alaykum. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza hapa Chake Chake, mkono wa kulia ulinikataa. Nikimnyanyua mtoto, nikikama tui, hata nikifungua mfuniko wa chupa, maumivu yalinikata chini ya gumba mpaka machozi. Nyumbani wakasema baridi ya uzazi. Akaitwa mchuaji, akanichua kwa nguvu siku tatu, kifundo kikazidi kuvimba. Leo kazi yangu ni mazoezi ya viungo, na wazazi wanaonijia na kisa hichohicho ni wengi.

Si baridi. Kano mbili (kamba za mwilini zinazounga misuli na mfupa) zinazolitanua gumba hupita pamoja ndani ya ala nyembamba, pale penye mfupa wa kifundo. Ala ikinenepa, kano hubanwa kama kisu kilichotiwa ala isiyo yake, na kila gumba likisogea kunakwaruza. Ugonjwa huu umepewa jina la Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895.

Huletwa zaidi na kazi ya kurudiarudia: kukuna nazi, kufunga mwani kwenye kamba, kuchambua karafuu, kuandika kwenye simu. Wajawazito na wanaonyonyesha huupata sana.

Hatua ya 1: Jipime. Kunja gumba ndani ya kiganja, lifunike kwa vidole, kisha inamisha kifundo polepole kuelekea kidole cha mwisho. Ukichomwa upande wa gumba, yaelekea ndio wenyewe. Usijipime hivi kama umeanguka. Soma swali la mwisho.

Hatua ya 2: Badilisha unavyomnyanyua mtoto. Hapa ndipo penye dawa, na ndipo wengi wanaporuka. Sote humtia mtoto mikono makwapani, gumba limetanuka, uzito wote ukaangukia kano zile mbili, mara kadhaa kwa siku. Acha. Viganja vitazame juu, mkono mmoja upite chini ya makalio, mwengine mgongoni, umchote kwa mikono mizima huku kifundo kimenyooka. Ukinyonyesha, weka mto chini ya mkono. Usikishike kichwa cha mtoto kwa kifundo kilichokunjwa. Na nazi akune mwengine, jamani. Kuomba msaada si uvivu.

Hatua ya 3: Lipumzishe gumba. Tafuta kifaa cha kufunga kinachoshika kifundo pamoja na gumba. Kinachoshika kifundo peke yake hakitoshi. Kivae wiki 4 hadi 6. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 10 hadi 15, hutuliza. Kuchua kwa nguvu, hapana.

Hatua ya 4: Hospitali. Isipopungua, daktari anaweza kuchoma sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya ala. Wengi hupona kwayo. Ikishindikana, hupasuliwa ala kwa ganzi ya mkono tu, kano zikapata nafasi.

Maswali ya wanachama

*Dada, nikivaa hicho kifaa udhu nitatiaje?*
Kinavuliwa, mpenzi. Kivue, tia udhu, kausha mkono vizuri, ukirudishe.

*Nanyonyesha. Naweza kumeza dawa ya maumivu?*
Panadoli na ibuprofeni kwa kawaida hutumika kwa anayenyonyesha. Ila ukiwa na vidonda vya tumbo, figo au pumu, ibuprofeni usiiguse kabla ya kumuuliza daktari. Mjamzito naye aulize kwanza.

*Mie mwanamme, na nina sukari. Yanihusu haya?*
Yanakuhusu, kaka. Wanaume nao hupata. Mwambie daktari habari ya sukari kabla ya sindano, kwani steroidi huipandisha kwa siku kadhaa. Ujipime mara kwa mara siku hizo.

*Mwanangu aliteleza kwenye mkarafuu akaangukia kiganja. Sasa anauma kwenye kishimo chini ya gumba. Nimfunge tu?*
Usingoje, mama. Hapo pana mfupa mdogo ambao ukivunjika picha ya kwanza huweza isiuonyeshe, na ukiachwa huweza usiunge. Mpeleke leo akapigwe picha. Wakisema hakuna kitu na bado anauma pale pale, mrudishe baada ya siku 10 hadi 14 apigwe tena, na mkono ubaki umefungwa mpaka siku hiyo.