Siku mbili za mapendo mu nyumba kubwa ya shamba ku Uingereza: vile batu ya Lubumbashi tunaweza kufanya

Tangu mi na bwana yangu tulirudia, leo dada moja, kesho mwingine, bananiuliza: mama, ile nyumba ya mu foto ni ya nani, na mulifanya namna gani kulalamo? Basi naandika hapa mara moja, musome bote, juu nimechoka kurudilia mu vokale za WhatsApp.

Kwanza musiwaze ni oteli ya katikati ya muji, yenye iko na asansere na koridori ndefu na milango inafanana yote. Hapana. Ni nyumba ya tajiri wa zamani, ingine iko na miaka 200, 300, ya mawe ao ya matofali, na bustani kubwa kama kartie nzima, maktaba, salon yenye banawashamo moto ya kuni. Benyewe nyumba walishindwa. Muzee akikufa, serikali ilikuwa inakata kodi kubwa ku urithi, mutoto akikufa nayo vilevile, na kisha vita ya 1914 na ya 1939 batumishi hawakurudia tena, walipata kazi ingine ya mushahara muzuri. Nyumba mamia zilibomolewa, zingine zikageuka shule, zingine oteli. Pitia mu zile nyumba za bakubwa ba Union Minière, kampani ya migodi ya wakati wa Babeleji, hapa kwetu, zenye barza na miembe, na rangi inatoka ku ukuta, utaelewa bila mutu kukufasiria.

Mufano moja wenye napenda juu ya siye batu ya Kifaransa: Hartwell House, karibu na Aylesbury, treni ya saa moja hivi toka stesheni ya Marylebone ku London. Louis XVIII, mufalme wa Ufaransa mwenye alikimbia kwao, aliishi mule toka 1809 mpaka 1814, na bibi yake alikufia pale 1810. Batu yake walikuwa bengi, nyumba ikajaa, mpaka wakaanza kufuga kuku na sungura juu ya paa na kupanda mboga mu mapipa. Juu ya paa ya nyumba ya kifalme! Leo ni oteli, na mu 2008 iliingia mu mikono ya National Trust, ile shirika yenye inachunga nyumba za zamani. Kwa hiyo mukifika fasi yoyote ya namna ile, ulizeni habari ya nyumba, kila moja iko na yake, na batumishi banapenda kuisimulia.

Sasa maneno ya visa, nipite mbio juu haina utamu. Na paspoti ya Kongo unahitaji visa ya mutembezi. Unaomba ku intaneti, haiwezi kuwa zaidi ya miezi 3 mbele ya safari, alama za vidole unaenda kutoa Kinshasa (weka bilieti ya ndege mu hesabu), kisha jibu kwa kawaida ni wiki 3. Kitu chenye kinaangusha batu: papiye zetu ziko mu Kifaransa, akte ya ndoa, atestasio ya kazi, na Baingereza banataka kila moja itafsiriwe, na mutafsiri aandike kama ni sawa kabisa, aweke tarehe, jina, saini na namna ya kumupata. Na rezevasio ya chumba, chukua ile yenye unaweza kuvunja na barudishe franka, usilipe ya moja kwa moja mbele visa haijatoka.

Wakati gani wa kwenda? Mwezi wa 6 jua linazama kisha 21h, munakula kungali mwanga na munatembea mu bustani kama mchana. Mwezi wa 12 linazama mbele ya 16h, na wewe mwenye ulizoea giza ya 18h mwaka muzima utashangaa, lakini njo wakati wa moto ya kuni, na mi kwa mapendo nachagua moto. Siye tulienda mwezi wa 10, majani ilikuwa nyekundu yote. Lalani katikati ya wiki, Jumapili mpaka Alhamisi, juu Ijumaa na Jumamosi bei inapanda na ndoa za batu zinajaa kule. Bei haiko ya mutoto: mara nyingi inaanza pauni 200 na kitu kwa usiku moja, nyumba zenye jina zinapita pale mbali. Angalia kama chakula cha mangaribi kiko ndani ya bei, hapo mara nyingi unapata nafuu. Na kama franka haitoshi kulala, usiache, nendeni kunywa chai tu. Saa ya 15h ao 16h banaleta sahani za gorofa tatu, sandwichi ndogo, keki, na skon, vimukate vidogo vyenye unapaka kirimu na konfitire (watu wa Devon banaanza na kirimu, wa Cornwall na konfitire, na ni ugomvi wa kweli, mi nilipaka vyote kwa pamoja), kisha munatembea bustani paka giza, na hakuna mutu atawauliza kwa nini hamulale.

Hapa muniskie muzuri, juu ni kosa yangu mimi. Wakati wa kurezeve kuna neno "double" na kuna neno "twin". Mi niliona twin, nikawaza mapacha, wawili, mapendo, nikafinya. Tukafika, mutumishi akafungua mulango ya chumba: vitanda viwili vidogo, katikati meza na taa. Bwana yangu akasimama na valizi ku mukono, akaniambia, "Mama Béni, tumekuya kufanya retrete ya basista?" Oteli ilikuwa imejaa. Wakatusaidia kusukuma vitanda vikakutana, wakatandika shuka moja kubwa juu, lakini katikati kulibakia shimo, na usiku mumoja wetu akaingiamo, sisemi nani. Double njo kitanda kimoja. Na hata kama umechagua muzuri, baandikie tena mbele ya kufika, waambie ni miaka kumi ya ndoa ao nini, mara ingine banaweka kadi na kitu kidogo mu chumba.

Kufika: chumba mara nyingi iko tayari 15h, na kutoka ni 11h. Steshenini agizeni taksi mbele, juu mashambani hakuna taksi ya kupunga mukono, na taksi ya pikipiki usitafute. Mulango kubwa ya mbele utafunguliwa na mutu, atachukua valizi yako, umuachie. Mi ile ilinishika kidogo. Babu yangu alikuwa boyi ku Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, mbele muji ubadilishe jina 1966, na mu nyumba ya Bazungu wake alikuwa anaingilia mulango ya jikoni siku zote. Yeye njo alitufundisha meza siye batoto, na kijiti ku mukono: forsheti ku kushoto, kisu ku kuume na meno inaangalia sahani, unaanza na za inje unaingia ndani, ukimaliza unazilalisha pamoja juu ya sahani. Ile usiku vyombo vilikuwa vingi mbele yangu, bwana yangu ananiangalia mi, mi naangalia meza, na kila kitu kilikuwa fasi yenye babu alisema.

Chakula cha mangaribi usichelewe, jiko mashambani linafunga mapema, mara nyingi 21h umekwisha kosa. Ulizeni kama kravati inahitajika, sehemu nyingi leo shati muzuri inatosha. Chakula kizuri lakini hakina pilipili hata. Bwana yangu alitoa kachupa kake mu mufuko ya koti, mi nikaficha uso, kumbe serveri akaomba aonje, akakohoa paka machozi, akatuletea mukate mwingine bure. Bukari (ugali) usiwaze, mu chumba kuna birika ya umeme tu. Ku fakture angalia kama wamekwisha kuweka servise, mara nyingi 12.5%, usilipe mara mbili. Na prizi yao ni ya meno tatu ya bapa, nunueni adapteri kabla.

Mchana sasa. Hapa batu ya kwetu tunashindwa, juu tunataka programu: tuende wapi, tuone nini, tupige foto ngapi. Mapendo ya fasi ile ni kukosa kazi. Mukishapata chai ya asubui (yayi, soseji, maharage ya tomati tamu, unazoea), vaeni bote za mpira zenye nyumba nyingi zinaweka ku mulango kwa bageni, chukueni mwavuli, mutembee. Kuna vinjia vya batu bote vinakata mashamba ya wenyewe, ni ruhusa, lakini ukifungua geti yenye kondoo ufunge nyuma yako. Murudi na matope, mukae karibu na moto, kila mutu na kikombe chake. Simu tuliziacha mu chumba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mutoto wa kwanza kuzaliwa bwana yangu ananisimulia kitu chenye sikijui, ya wakati alikuwa anauza mafuta ya taa ku Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, na alikuwa ananiona napita na hawezi kunisemesha juu nguo yake inanuka. Miaka kumi hakusema ile.

Siku ya tatu 11h tukatoka, taksi, treni, London. Kwa yaya, mukubwa wangu mwenye alitupokea pale, batoto walikuwa wamekwisha lala mu kitanda chetu, wakatutandikia matelasi mu salon. Matelasi moja, haina shimo.