Namna ya Kumfuata Sahib Shihab

Mimi hupiga zumari harusini hapa Lamu. Vijana wa Langoni wakiniuliza jazi waanzie wapi, nawaambia: mtafuteni Sahib Shihab, mpiga saksafoni. Hatajwi vya kutosha, na hilo linaniuma.

Alizaliwa Edmund Gregory, Savannah, Marekani, mwaka 1925. Alisilimu 1947, na mwaka huohuo akaingia studio na mpiga piano Thelonious Monk. Anza na rekodi hiyo ya kampuni ya Blue Note. Piano itakuvuta; isikilize mpaka ushibe, kisha rudia ukiifuata saksafoni ya alto ya Shihab peke yake. Tumia vidude vya masikioni, maana spika ya simu huimeza sauti nzito, na utaihitaji mbele.

Tazama pia ni nani yuko kwenye ngoma: Art Blakey, aliyejiita Abdullah Ibn Buhaina. Waislamu wawili ndani ya chumba kimoja cha jazi!

Ruka hadi 1957, albamu ya kwanza ya mpiga saksafoni John Coltrane akiongoza mwenyewe. Katika baadhi ya nyimbo Shihab anapiga baritoni, saksafoni ya sauti nzito. Usingoje ajionyeshe, sikiliza anavyowabeba wenzake kutoka chini, kama mawe ya matumbawe yabebavyo dari za nyumba zetu.

Baadaye alihamia Ulaya, akaishi Denmark. Huko mtafute katika bendi kubwa ya mpiga ngoma Kenny Clarke na mpiga piano Francy Boland, safari hii kwenye filimbi pia. Clarke naye alikuwa na jina la Kiislamu, Liaquat Ali Salaam. Ukimaliza, mfuate yeye.