Kabla hujanunua kamera: namna ya kuingiza teknolojia janja kwenye ukaguzi wa ubora kiwandani

Ukisema teknolojia janja kiwandani watu wengi wanawaza roboti na kamera zenye taa za bluu, bosi anamwita muuzaji, muuzaji anakuja na laptop yake na slaidi nzuri nzuri, miezi sita baadae kamera imejaa vumbi na wakaguzi wamerudi kukagua kwa macho kama zamani. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na mara mojawapo mimi ndo nilikuwa mbele kushinikiza inunuliwe, kwa hiyo hapa naandika njia ambayo ningeifuata leo kama ningeambiwa nianze upya.

Anza na kasoro moja, ile inayokusumbua kweli

Usianze na kifaa. Chukua rekodi za bidhaa zilizorudishwa na wateja na zile mlizotupa wenyewe, miezi mitatu inatosha, panga kwa aina ya kasoro na uhesabu. Mara nyingi utakuta aina mbili tatu ndo zimebeba mzigo mkubwa, zingine ni kelele tu. Chagua moja inayotokea mara kwa mara, inayoonekana au kupimika, na ambayo una fununu inazaliwa wapi kwenye laini ya uzalishaji.

Tuchukue mfano tuende nao: laini ya kujaza chupa za plastiki, kasoro ni kifuniko kilichokaa upande. Sasa "kimekaa upande" ni maneno ya mdomoni, iandike kwa namba. Kwa mfano upande mmoja umeinuka kuliko mwingine kwa zaidi ya nusu milimita, basi hiyo ni mbovu. Bila hivyo kila mkaguzi ana sheria yake kichwani, na ukija kuifundisha kompyuta kwa maamuzi yao itajifunza ugomvi wao.

Jaribu hii uone. Chukua chupa 30, ziandike namba chini ya kitako, ziwemo nzima, mbovu, na zile za katikati zinazoleta ubishi. Wape wakaguzi watatu kila mmoja peke yake, alafu siku mbili baadae wape tena zile zile ukiwa umezichanganya. Usishangae mtu kuikataa chupa namba 17 Jumatatu na kuipitisha Jumatano. Kama unapima kwa kifaa, mfano kalipa (kifaa cha kupimia unene na upana) au mzani, desturi ni vipande 10, watu 3, kila mtu anarudia mara 2 au 3, kisha unaangalia tofauti inayotoka kwenye upimaji wenyewe ni sehemu gani ya mtawanyiko wote. Chini ya asilimia 10 uko vizuri, juu ya asilimia 30 kipimo chako hakifai, na ukikiunganisha kwenye intaneti kitabaki kipimo kibovu, tofauti ni kwamba sasa kina intaneti.

Sensa (kifaa cha kuhisi na kupima) iende pale kasoro inapozaliwa

Hapa ndo wengi tunakosea. Kamera ya mwisho wa laini inakwambia chupa 100 zimeharibika, asante sana, lakini zimeshaharibika. Rudi nyuma ujiulize kifuniko kinakaa upande kwa sababu gani? Inaweza kuwa nguvu ya kukaza imeshuka, chupa haikai katikati, vifuniko vyenyewe vimepinda, au kichwa kimoja cha mashine ya kufungia kimelika. Sensa ya kupima nguvu ya kukaza, au hata sensa rahisi ya kuhesabu chupa zinazopita, ikiwekwa hapo inakupa habari mapema zaidi.

Kuna siku tulikaa na karatasi tu, tunaandika namba ya kila chupa mbovu kadiri zinavyopita. 13, 21, 29, 45, 53... Fundi mmoja akaitazama ile orodha akacheka, akasema toeni nane nane, zote zinaishia tano. Mashine ilikuwa na vichwa nane vya kufungia, na mbovu zote zilikuwa zinaangukia kichwa kile kile. Springi yake ilikuwa imechoka. Akili bandia haikuhitajika, ilihitajika namba ya chupa na namba ya kichwa vikae kwenye mstari mmoja wa data. Kwa hiyo nikisema weka sensa namaanisha kwanza hii: kila kipande kijulikane kimepita wapi, saa ngapi, kwenye kichwa gani, na malighafi ya shehena ipi. Alama ndogo ya kuskani (kama ile ya mistari kwenye bidhaa za dukani) ikiwekwa kwenye bidhaa au kwenye kreti inafanya hiyo kazi vizuri.

Na wazo lenyewe ni la zamani sana. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda kule Japani alitoa mashine ya kufuma inayosimama yenyewe uzi ukikatika, na mwaka huo huo Walter Shewhart, akiwa Western Electric huko Marekani, alichora chati ya kwanza ya kudhibiti ubora. Mashine isimame ikiona tatizo, na namba zikuonyeshe tatizo kabla halijawa kubwa. Sehemu kubwa ya tunachouziwa leo ni hayo mawili yakiwa na spidi zaidi.

Chati kabla ya akili bandia

Ukishakuwa na namba zinazokuja zenyewe, chora chati. Kila nusu saa chukua chupa 5, pata wastani wa nguvu ya kukaza, weka nukta. Ukifikisha makundi kama 25 wakati mashine iko sawa, kokotoa mstari wa kati na mipaka ya sigma 3 juu na chini (sigma ni kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani). Mchakato ukiwa umetulia, na namba zikiwa zimetawanyika kwa kawaida, karibu asilimia 99.73 ya nukta zitakaa ndani ya mipaka, kwa hiyo nukta ikitoka nje simama uangalie. Angalia pia nukta 8 mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari wa kati hata kama zote ziko ndani, maana hapo kitu kimehama taratibu, labda beringi inalika au hewa ya kompresa imeshuka.

Alafu tafadhali, mipaka ya chati sio ile mipaka ya mteja. Ya mteja inasema anachokubali kupokea, ya chati inasema mashine yako inavyojiendesha ikiwa na afya. Nimekuta mahali wamechora ya mteja kwenye chati, kila siku kijani tupu, na siku iliyotoka nje ndo siku mzigo ulirudishwa.

Sasa kamera, kama bado unaihitaji

Kitu cha kwanza ni mwanga, na cha pili pia ni mwanga. Ficha sehemu ya kupigia picha kwa boksi ili mwanga wa dirishani na taa za ukumbini zisiingie. Kwa kifuniko kilichoinuka, taa iwekwe nyuma ya chupa, kamera ione kivuli cheusi chenye ukingo safi, hapo hata programu rahisi ya kupima pembe inatosha. Ukimulika kwa mbele, plastiki inang'aa na utahangaika bure.

Alafu piga hesabu. Kasoro yako ni milimita 0.5 na unataka angalau pikseli 4 (vinukta vidogo vinavyounda picha) ziilalie, basi kila pikseli ibebe milimita 0.125. Kama eneo la picha lina upana wa milimita 200, unahitaji pikseli 1600 kwa upana. Kwa hiyo usidanganywe ununue kamera kubwa kupita kiasi, na usijaribu na kamera ndogo ya mlangoni. Spidi nayo: mkanda ukienda nusu mita kwa sekunde, kamera ikifungua jicho kwa sehemu 1 ya 1000 ya sekunde, chupa imeshasogea nusu milimita, yaani ukungu wa picha ni mkubwa sawa na kasoro unayoitafuta! Shusha hadi sehemu 1 ya 5000 ukungu unabaki milimita 0.1, lakini hapo utahitaji taa kali zaidi. Kamera iwe ile inayopiga picha nzima kwa mkupuo, zile zinazosoma mstari kwa mstari zinapindisha vitu vinavyotembea.

Akili bandia ninaiacha kwa kasoro zisizo na umbo maalum, kama mikwaruzo, madoa, mapovu. Hapo picha za kufundishia ndo kila kitu. Sisi tulikusanya picha za vipande vizuri kwenye laini yenyewe, mkanda wa kijivu, na vipande vibovu tukavipiga mezani kwa mkaguzi juu ya kitambaa cha kijani, kwa sababu ndo vilikuwa vinahifadhiwa hapo. Modeli, yaani ile programu tuliyoifundisha, ikafanya vizuri ajabu kwenye majaribio, kila mtu anapongezana. Tukaipeleka kwenye laini ikapitisha kila kitu, mwaa, mpaka vyenye ufa unaoonekana kwa macho. Ilikuwa imejifunza kitambaa. Piga nzuri na mbovu sehemu ile ile, kwa taa ile ile, kwa zamu tofauti, na picha za majaribio zitoke siku ambazo hazimo kabisa kwenye picha za kufundishia.

Muuzaji akisema usahihi asilimia 99

Mwulize asilimia 99 ya nini. Kama mbovu zako ni 1 katika 100, mashine inayopitisha kila kitu bila kuangalia nayo ina usahihi wa asilimia 99 hahaha. Unataka namba mbili: ngapi mbovu zinapita, na ngapi nzuri zinatupwa. Tuseme unazalisha vipande 10,000 kwa siku na 100 ni vibovu. Kamera inakamata asilimia 95 ya vibovu na inakataa kimakosa asilimia 2 ya vizuri. Vibovu 95 vimenaswa, 5 vimepita, na vizuri 198 vimetupwa. Kwenye pipa una vipande 293 na theluthi mbili ni vizima. Mtu atalazimika kulikagua lile pipa, je umempanga? Hayo ndo mazungumzo ya kufanya kabla ya kusaini, na wakati wa majaribio ulete chupa zako mwenyewe, usikubali zile za muuzaji.

Kuwasha, na watu wake

Wiki mbili za mwanzo kamera iangalie tu, isikatae kitu, huku wakaguzi wanaendelea kama kawaida. Kila jioni linganisha. Pale wasipokubaliana ndo pa kujifunza, na safari nyingine kamera ndo itakuwa sahihi.

Hakikisha saa za mashine zote zinafanana, zichukue muda kutoka kwa kompyuta moja. Mashine ya kujaza ikiwa mbele dakika 7 huwezi kuunganisha data yake na ya mashine ya kufungia, utabaki unakisia. Na kwenye daftari la zamu kubalianeni, maana opareta ameandika saa 3 na kompyuta imeandika 9:00 na wote wako sahihi.

Alamu ziwe chache. Niliwahi kukuta king'ora kimezibwa na selotepu, opareta nikamwuliza akajibu bila kuficha, "Bosi, hiki kinalia mara arobaini kwa zamu, nikikisikiliza sifanyi kazi." Alikuwa na haki. Kila alamu iwe na jibu lililoandikwa: nani anakuja, anaangalia nini kwanza, na nani ana ruhusa ya kusimamisha laini. Kama alamu haina jibu la hivyo, ifute, ibaki kwenye rekodi tu.

Kila mwanzo wa zamu pitisha chupa 3 mbovu ulizozitia alama, tena zichanganye na nzuri. Zikikamatwa zote, andika na uendelee. Hata moja ikipita, laini isianze mpaka ijulikane kwa nini, na mara nyingi utakuta ni lenzi chafu au mtu wa usafi ameigusa kamera ikasogea kidogo. Na siku mtakayobadilisha rangi ya kifuniko au msambazaji wa chupa, hesabu kama umeanza upya: picha mpya, wiki mbili za kuangalia tu, na zile picha za zamani usizifute, maana rangi ya zamani huwa inarudi.