Kabla Hujapanda Gari Kwenda Bujora

Bujora ni kilima chenye mawe juu ya Kisesa, kama kilomita 20 kutoka katikati ya Mwanza, kwa barabara iendayo Musoma. Hapo pana parokia iliyojengwa miaka ya 1950, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, na katika eneo hilohilo pana Makumbusho ya Wasukuma. Aliyeyaanzisha ni Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita Mababa Weupe. Zama zile mapadri wengi waliwaambia waumini waache ngoma zao mlangoni. Yeye aliwaomba waziingize ndani.

Namwandikia anayekwenda mara ya kwanza, na hasa kijana mwenye asili ya Usukuma aliyekulia mjini. Nimewaona wengi wakifika, wakazunguka haraka haraka, wakapiga picha mbele ya nyumba ya nyasi, wakashuka. Ukiwauliza wameona nini, watakwambia vibanda na ngoma. Sehemu hii haijisemei yenyewe. Inataka mtu anayefika na maswali yake, na maswali hayo yanaandaliwa nyumbani.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya nauli na kabla ya viatu, ni kukaa na wakubwa wako. Mpigie bibi simu au mtembelee. Muulize: sisi ni watu wa utemi gani, yaani tulikuwa chini ya chifu yupi? Ukoo wetu ni upi? Kuna mtu wa kwetu aliyekuwa mfua chuma, au mganga, au manju wa kutunga nyimbo za ngoma? Na babu alikuwa Mgika au Mgalu?

Swali hili la mwisho usilipuuze, kwa sababu nusu ya utakachoonyeshwa Bujora kinasimama juu yake. Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Bagika wanamfuata Ngika, Bagalu wanamfuata Gumha, waganga wawili wa karne ya 19 waliokuwa mahasimu wa kudumu. Mashindano yao huwa baada ya mavuno, watu wakiwa na chakula ghalani na nafasi ya kupumzika. Makundi mawili huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hapo ndipo ufundi ulipo: mashairi ya manju, mavazi, vituko, wanyama, na dawa ya mvuto ambayo kila upande unaamini ni kali kuliko ya mwenzake. Kuna wanaocheza na chatu, Bayeye, ambao pia wanajulikana kwa kutibu walioumwa na nyoka. Kuna Banunguli, chama cha wawindaji wa nungunungu. Kuna Bugobogobo, ngoma ya majembe iliyotoka shambani, watu wanapolima kwa pamoja ngoma ikiwapa mwendo. Ukifika kwenye jengo la vyama vya ngoma ukiwa unajua babu alisimama upande gani, utasikiliza maelezo kwa masikio mengine kabisa. Unakuwa unasikia habari za nyumbani kwenu.

Usivunjike moyo bibi akijibu kwa mkato. Wazee wengi waliambiwa utotoni kuwa mambo haya ni ya kipagani, wakazoea kuyanyamazia. Mrudie siku nyingine, anza na jambo jepesi kama chakula au kilimo, halafu mwache aongee. Kama afya yake inaruhusu, nenda naye. Niliwahi kupanda na bibi mmoja jirani yetu ambaye njia nzima alisema hana cha kujifunza huko. Alipoingia kwenye nyumba ya asili na kuona jiwe la kusagia, alipiga magoti, akashika jiwe dogo la juu kwa mikono miwili na kuanza kulisukuma mbele na nyuma, huku akiwaeleza wajukuu namna uwele unavyosagwa bila kuacha chenga. Mwongozaji alinyamaza akamwachia kazi. Ndiyo maana nasema mchukue mzee ukiweza. Lakini mwombe mwongozaji ruhusa kabla ya kugusa chochote, maana si kila kitu ni cha kushikwa.

Jambo la pili ni kujua kidogo habari za utemi. Bila hilo, banda la watemi litakuwa kwako jengo la umbo la ajabu tu. Limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na ndani yake ndimo zinamoelezwa habari za tawala za Usukuma. Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Kulikuwa na tawala nyingi, kubwa kama Nera na Ntuzu, na ndogo pia, kila moja na mtemi wake na wazee waliomchagua na kumshauri, banang'oma. Zamani mrithi wa kiti hakuwa mtoto wa mtemi bali mpwa wake, mtoto wa dada. Walipokuja Wajerumani, na baada yao Waingereza, hawakuwaondoa watemi wote. Waingereza waliwatumia: mtemi alikusanya kodi, akasikiliza kesi katika baraza, akapokea amri kutoka kwa bwana mkubwa wa wilaya. Kiti kilekile ambacho watu walikiendea kuomba mvua na haki kikawa pia kiti cha kutoza kodi ya kichwa. Miaka miwili tu baada ya Uhuru, mwaka 1963, mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria nchi nzima. Vitu vya utemi vikabaki mikononi mwa familia, na familia hubadilika. Ukijua hivyo utaelewa uzito wa ngoma za kitemi zilizohifadhiwa pale, ambazo zinazidi 40. Ngoma ndiyo iliyokuwa utemi wenyewe, na baadhi yake bado hupigwa siku maalumu. Usizidunde kwa kiganja kujaribu sauti. Mtoto akifanya hivyo, mzuie wewe mwenyewe usimsubiri mwenyeji.

Sasa kuhusu siku ya kwenda. Jumapili asubuhi kuna Misa, na kanisa ni la waumini, si la kutembezwa. Kama unataka kuona kila kitu kwa utulivu, chagua siku ya kazi, na kama mko kundi la shule au la jumuiya, wasiliana nao mapema ili mwongozaji awepo na, mkitaka ngoma, wachezaji waandaliwe. Wachezaji ni wakulima na wafanyabiashara wenye shughuli zao. Hawakai pale kutwa wakisubiri wageni.

Anayetaka ngoma kwa ukamilifu wake aende wakati wa Bulabo, tamasha linaloambatana na sikukuu ya Ekaristi, kwa kawaida mwezi Juni. Tarehe inafuata Pasaka, kwa hiyo uliza kila mwaka, usikariri. Siku hizo Kisesa hufurika. Toka mjini mapema, vaa kofia, kubaliana na wenzako mahali pa kukutania mkipotezana, na watoto wadogo washikwe mkono, kwa sababu umati unasogea pale ngoma inaponoga na hausogei kwa kuangalia nyuma. Mtoto anayeogopa nyoka aambiwe mapema kuwa chatu anaweza kuwepo. Usimtanie, wala usimsukume mbele ili ucheke. Lakini nasema wazi: Bulabo si siku nzuri ya kuona makumbusho. Ni siku ya ngoma. Makumbusho yanahitaji siku yake.

Usafiri ni rahisi. Daladala za Kisesa zinapita Buzuruga, Nyakato na Igoma. Shuka Kisesa, halafu panda bodaboda au tembea hadi kilimani. Patana nauli ya bodaboda kabla ya kupanda, na mwambie kabisa kama unataka akusubiri. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia za udongo huwa na matope, basi viatu vya wazi visivyoshika vitakutesa. Kiangazi shida ni jua na vumbi.

Mavazi yawe ya heshima, kwa sababu unaingia mahali pa ibada na pia mahali ambapo wazee wanaona vitu vya watemi wao. Mama au dada anayevaa suruali abebe khanga au kitenge kwenye mkoba. Hatakosa kukihitaji, hata kama ni kukalia tu juu ya jiwe.

Beba fedha taslimu, tena noti ndogondogo. Uliza kiingilio mlangoni kabla ya kuanza kuzunguka, uliza kama mwongozaji analipwa humohumo au kando, na kama picha na ngoma vina malipo yake. Ukishaambiwa, lipa bila kuvutana. Kuezeka nyumba ya nyasi upya, kuzuia mchwa na kukarabati ngozi iliyopasuka ni kazi isiyokwisha, na nyasi nzuri za kuezekea siku hizi hazipatikani kirahisi karibu na mji.

Picha: omba. Kuna vitu ambavyo wenyeji hawapendi vipigwe, na mtu mzima aliyevaa mavazi ya ngoma ni mtu, anaombwa kama unavyotaka kuombwa wewe. Na kwa wale wanaounganisha safari hii na kuzunguka mjini Mwanza kuangalia majengo ya zamani ya Mjerumani na Mwingereza, kumbuka kuwa yako majengo ya zama hizo ambayo mpaka leo ni ofisi za serikali. Kituo cha polisi ni kituo cha polisi hata kama dari lake ni la mwaka arobaini na saba. Usiinue simu kupiga picha kabla hujaomba ruhusa.

Salamu nazo ni maandalizi. Asubuhi utasikia "mwangaluka", na mchana kuelekea jioni "mwadila". Jibu vivyo hivyo, na kwa mzee kunja goti kidogo au inamisha kichwa. Ukishaonyeshwa jambo, "wabeja" inatosha kuwa shukrani. Hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo, utaona uso wa mwenyeji unavyobadilika.

Chakula usisumbuke sana, Kisesa kuna mamantilie na soko. Ila maji beba, na kama unakwenda na watoto, wabebee michembe au matobolwa. Watakula viazi vilevile ambavyo babu zao walivianika kwa ajili ya miezi ya njaa, na mwongozaji akifika kwenye habari za ghala hutahitaji kuwaeleza mara mbili.

Ukishafika, mwombe mwongozaji aanze na nyumba za asili: ya familia, ya mganga, ya mfua chuma na zana zake. Kisha banda la watemi, kisha vyama vya ngoma, na kanisa liwe la mwisho. Nina sababu. Kanisa la Bujora limejengwa kwa umbo la nyumba ya mtemi, duara, na altare yake ina umbo la kiti cha enzi. Anayeanza nalo ataona kanisa dogo la duara. Anayeingia akitoka kwenye banda la watemi, kiti kikiwa bado machoni, ataelewa mwenyewe kile ambacho Padri Clement na waumini wa kwanza walikuwa wanakisema kuhusu nani amekalia kiti hicho. Hata asiye Mkristo atakubali kuwa ni wazo lililofikiriwa kwa kina.

Katikati ya mzunguko huo usipite haraka kwenye kile kipipa cha kuzungusha chenye hesabu. Kinaonyesha namna mbalimbali ambazo Wasukuma walihesabu kutoka moja hadi kumi. Kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabia, ili wenzao waelewane na rika jingine lisielewe. Wape watoto muda wakizungushe wenyewe, mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate. Vijana wanaodhani wao ndio wa kwanza kubuni lugha ya mtaani ya kuwaficha wazazi watasimama hapo muda mrefu.

Tenga nusu siku, si saa moja. Beba daftari, maana majina ya koo na tawala hutoka kichwani upesi, na simu huishiwa chaji.

Liko jambo moja la baadaye ambalo ni vizuri kulifikiria mapema. Wengine, wakishaona pale, hukumbuka kuwa nyumbani kuna kigoda cha babu, ngao au kibuyu kilichotupwa darini, na hutaka kukipeleka. Usikibebe siku ya kwanza. Kipige picha, nenda nayo, uliza kama wanakipokea na watakitunza vipi. Halafu rudini mkae kikao cha familia, shangazi na wajomba wawepo, kwa sababu kitu cha ukoo hakina mwenyewe mmoja. Na akitokea mtu njiani anayetaka kukinunua akiuze nje, mkatalie. Vitu vya namna hiyo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na havitoki nchini bila kibali. Mkikubaliana kukitoa, andikeni kwenye karatasi jina la aliyekuwa nacho, kijiji chake, na kilitumika kwa nini, kisha karatasi hiyo iende pamoja na kitu chenyewe.