Somo: Kutazama ndege wa hori la Mida kwa kikundi

Vikundi vingi vinavyokwenda Mida, pale Watamu, hukosea kwa kupanga safari wakifuata saa ya ukutani, wakati ndege wa pale wanafuata maji. Yakipwa, chamchanga na sululu hutawanyika topeni mbali kabisa, ukabaki kuhesabu vitone. Yakijaa, husukumwa hadi mbele ya mikoko. Kwa hiyo kikundi kiwe kimekaa na kutulia kabla maji hayajafika.

1. Siku. Chukua jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari ya Kenya, utafute bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida: mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na siku mbili tatu baada yake. Wakati huo maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri, kisha huchelewa dakika 50 hivi kila siku. Ndani ya hori huchelewa kidogo kuliko baharini. Maji mafu, yale ya siku za nusu mwezi, hujaa asubuhi, saa nzuri kwa watu, ila hayapandi vya kutosha kuwasogeza ndege. Ndege wageni kutoka Ulaya na Asia wapo kuanzia Agosti hadi Aprili.

2. Watu. Wanane hadi kumi. Kiongozi mbele, mwandishi mmoja, na mtu wa mkia anayejua kuhesabu vichwa. Darubini moja ya 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi ya milimita 42) kwa kila wawili. Ya 10x hutetemeka mkononi mwa asiyezoea. Ya miguu mitatu inatosha moja.

3. Kufika. Maji yakijaa saa kumi, muwe pale saa saba na nusu. Fulana nyeupe ziachwe nyumbani. Vaeni raba za kufunga kamba: ndara hubaki topeni, na chaza walioshika mizizi ya mikoko hukata nyayo kama wembe. Maji ya kunywa lita moja na nusu kila mtu, kwani kivuli ni haba. Jua la alasiri litakuwa mgongoni, mwanga ukiwapiga ndege usoni.

4. Daraja la kamba. Hili lipitalo mikokoni linayumba. Mtu mmoja akipiga hatua, darubini ya miguu mitatu yote hucheza, kwa hiyo aliye nyuma asimame mpaka wa mbele amalize kutazama.

5. Kuhesabu. Hesabu ndege kumi mmoja mmoja, uone wamechukua nafasi gani, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo, kutoka kushoto kwenda kulia. Watu wawili wahesabu bila kuambiana. Wakitofautiana kwa zaidi ya moja ya tano, rudieni. Kundi likiruka katikati ya hesabu, futa uanze upya. Kuunganisha nusu mbili ndiko kunakozaa hesabu za ajabu.

Wa kumtafuta kwanza ni mla kaa, Dromas ardeola: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama koleo. Husimama kimya, akakimbia hatua chache, akadaka. Huyu huzaliana pwani za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, na hutaga ndani ya shimo alilochimba mchangani, jambo geni kabisa kwa ndege wa tope.

MASWALI

Swali: Mwalimu, sululu wawili nawatofautisha vipi? Wote midomo imepinda chini.
Jibu: Tazama utosi. Mdogo (Numenius phaeopus) ana mistari miwili myeusi kichwani. Mkubwa (Numenius arquata) hana, na mdomo wake ni mrefu kupita kiasi. Urefu pekee usiuamini, maana makinda wa yule mkubwa wana midomo mifupi.

Swali: Kila tukitokea, wote wanaruka. Kwa nini?
Jibu: Mnatokea mmesimama wima, anga nyuma yenu, tena mkiwaelekea moja kwa moja. Tembeeni mshazari, mkitumia mikoko kama pazia. Wakiacha kula na kuinua vichwa, simameni hapo hapo. Mkiwa mmetulia na bado wakaruka, angalieni juu: huenda ni kipanga.

Swali: Nina wanafunzi 30, naomba mbinu ndugu.
Jibu: Makundi matatu, kila moja darajani dakika 30. Wanaosubiri wakae ufukweni wajifunze miti: mkoko kwa mizizi yake ya upinde, mchu kwa vijiti vinavyochomoza topeni. La mwisho lipangiwe maji yakikaribia kujaa, na uwape zamu hiyo wale wadogo, ndio wanaochoka kutazama mbali.