Kutembea na Mbwa Dar: Dakika 20 Asubuhi, Dakika 20 Jioni

Mbwa wengi wa Dar es Salaam maisha yao ni banda na ua. Mchana kutwa wamefungiwa, usiku geti likishakomewa wanaachiwa wazunguke nyumba, alfajiri wanarudishwa bandani. Mwenye mbwa naye hapishani naye sana: kitandani, foleni ya Mwenge, kiti cha ofisini, foleni tena, kochi. Wote wawili wananenepa, na mmoja wao anabweka usiku kucha kwa kukosa shughuli nyingine.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Matembezi ya dakika 20 mara mbili kwa siku, siku tano tu, yanakupa 200. Ila hesabu hiyo ina mtego. Mazoezi ya wastani maana yake unatembea kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, na mbwa anayesimama kunusa kila nguzo ya umeme hakupi kasi hiyo. Kwa hiyo gawa muda. Dakika tano za kwanza ni zake: anuse, akojoe, ajisaidie. Dakika kumi au kumi na mbili za katikati ni zako, mnakwenda mwendo wa mtu aliyechelewa daladala; mkitoka siku zote saba, hizo ndizo zinazokufikisha kwenye 150 au karibu yake. Zilizobaki mnapunguza kasi ili mfike nyumbani pumzi zimetulia. Hizo za kunusa usimnyime. Pua ndiyo inayomchosha akili mbwa, na aliyenusa vya kutosha akirudi hulala.

Faida kwa mtu huonekana upesi zaidi kwa wenye sukari na shinikizo la damu. Kutembea dakika kumi na tano baada ya kula chakula cha jioni hupunguza sukari kwenye damu, kwa sababu misuli inayofanya kazi huivuta na kuitumia. Anayetumia insulini abebe pipi mfukoni, na mwenye kisukari yeyote avae viatu vya kufunika vidole, siyo ndala, halafu akague nyayo zake akirudi. Kidonda kidogo cha kokoto kinaweza kukua bila yeye kukisikia.

Kwa mbwa, uzito unashuka, viungo vinalainika, makucha yanasagika yenyewe kwenye ardhi. Wapo wanaosema mbwa wa ulinzi akitembezwa anazoea watu na kuwa mpole. Hofu hiyo haina msingi. Mbwa aliyefungwa siku zote hubwekea kila kitu, hadi muuza mkaa na paka wa jirani, na mwishowe hakuna anayeamka kumsikiliza. Aliyezoea mtaa anajua kipi ni cha kawaida, na akibweka kuna jambo.

Saa

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mbwa hapoi kwa jasho kama wewe. Anatoa jasho kidogo tu kwenye nyayo. Kazi yote ya kujipoza inafanywa na ulimi na kutweta, yaani maji yanakauka mdomoni na kwenye njia ya hewa na kuondoka na joto. Hewa ikishajaa unyevu, kama ilivyo Dar kuanzia Desemba mpaka Machi, maji hayo hayakauki vizuri. Mbwa anatweta na bado hapoi. Wewe unalalamika fukuto, yeye anapikika.

Toka kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi. Hapo lami imepoa usiku kucha. Jioni inadanganya: saa 11 upepo wa bahari unapuliza na wewe unaona kumepoa, lakini lami bado imeshika joto la mchana, na nyayo za mbwa ndizo zinazolikanyaga. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami uhesabu mpaka saba. Ukiondoa mkono kabla hujafika, rudini ndani. Mara nyingi jioni ya Januari au Februari utalazimika kungoja mpaka baada ya saa 12 na nusu, au mpite njia ya mchanga yenye kivuli. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, una uhuru zaidi.

Saa hizo nzuri za mapambazuko na machweo ndizo pia za mbu wa dengi, anayeng'ata mchana tofauti na mwenzake wa malaria. Dar imewahi kupata milipuko ya dengi, 2014 na 2019. Paka dawa ya mbu miguuni. Hiyo yako usimpake mbwa, atailamba.

Vifaa

Kamba ya nailoni bapa yenye urefu wa mita 1.5 mpaka 2, kola ya shingoni au mkanda wa kifuani, chupa ya maji ya nusu lita, na bakuli. Bakuli la bure ni kitako cha chupa ya lita moja na nusu uliyoikata, kingo ukazipitisha kwenye moto zisikate ulimi. Kola ibane kiasi cha kupitisha vidole viwili tu kati yake na shingo. Ikilegea zaidi ya hapo, mbwa akirudi kinyumenyume kichwa kinachomoka, na hatari hiyo hutokea palepale lori linapopiga honi. Mnyororo wa banda uache bandani. Ni mzito, hauna mnyumbuko, na akiruka ghafla unakuchuna viganja.

Kinyesi lazima kiokotwe. Mbwa wenye minyoo ya safura hutoa mayai, mayai yanaanguliwa mchangani, na viluwiluwi wake hupenya ngozi ya mtoto anayecheza pekupeku. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, basi tumia gazeti la zamani lililokunjwa mara nne, au mfuko mtupu wa mkate. Ukifika nyumbani, tupa chooni kilichomo, siyo kwenye bustani ya mchicha.

Kisha kitafunio cha kumzawadia. Hakuna kinachoshinda dagaa wa Mwanza. Wamekaushwa juani bila chumvi, wakati dagaa wa baharini mara nyingi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi hiyo itamkausha mbwa koo katikati ya safari. Wapepete mchanga, wakate vipande viwili viwili. Dagaa kumi na tano wanatosha kwa tembezi moja. Watie kwenye kikopo chenye mfuniko. Ukiwaweka mfukoni hivihivi, suruali itanuka kama Mwaloni wa Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wiki nzima.

Wiki mbili za mwanzo

Mbwa ambaye hajawahi kutoka getini usimtoe siku ya kwanza.

1. Siku ya 1 mpaka ya 3, uani. Mvalishe kola na kamba, mwache aiburute dakika kumi ukimwangalia. Kisha shika ncha, mzunguke nyumba mara tano.
2. Siku ya 4 mpaka ya 7, getini. Fungua geti kidogo. Akirukia, funga. Akikaa au akitulia, fungua na mtoke. Nendeni mpaka kona ya kwanza na kurudi, dakika tano, njia ileile.
3. Wiki ya pili, anza na dakika kumi. Kila baada ya siku moja ongeza dakika mbili au tatu mpaka 20 zitimie.

Akivuta, simama. Usimrudishe kwa nguvu wala usimkemee, simama tu kama mwembe. Kamba ikilegea mpaka itengeneze tumbo kama bembea, mpe dagaa kwenye usawa wa goti lako, kisha endeleeni. Siku za mwanzo mita mia moja zinaweza kula dakika kumi, na majirani watacheka. Wacheke. Kinachoharibu somo hili ni pale wewe unaposimama asubuhi, halafu jioni kijana wa kazi anakubali kukokotwa mpaka dukani. Mbwa anajifunza kwamba kuvuta hulipa siku nyingine, basi atavuta siku zote. Wote wanaomtembeza wafuate sheria moja.

Watoto wa mbwa wangoje. Virusi vya parvo, vinavyoharisha na kuua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo miezi mingi, na mtoto asiyemaliza chanjo, kwa kawaida mpaka wiki ya 16, hapaswi kukanyaga mtaani. Jike akiwa kwenye siku za kutaka dume naye abaki ndani wiki tatu, la sivyo mtarudi na msafara wa madume nyuma yenu. Na kila mbwa anayetoka awe na chanjo ya kichaa cha mbwa, ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Njiani

Pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia mkitazamana na magari, mbwa awe mkono wako wa kulia, yaani wewe uko kati yake na barabara. Bodaboda hawasomi alama. Angalia pia mitaro: mifuniko ya zege mingi imevunjika au haipo, na mguu wa mbwa ukiingia kwenye upenyo huvunjika.

Alfajiri na magharibi mtakutana na watu wanaokwenda msikitini wakiwa na udhu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, mate au unyevu wa mbwa ni najisi nzito. Palipoguswa huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa maji yenye udongo. Kwa hiyo ukiona kanzu mbele, fupisha kamba, vuka upande wa pili, mkalishe mbwa, na toa "Shikamoo mzee" ukiwa umbali wa mita nne tano. Mbwa aliyelowa mvua hata hizo ni chache. Ukifanya hivyo wiki moja, mtaa mzima utakuzoea na hakuna atakayekuja getini kulalamika.

Mbwa koko wakiwajia, usikimbie na usiwakazie macho. Geuza mwendo taratibu, mbwa wako nyuma yako. Wakisogea, inama kama unaokota jiwe. Mbwa wa mtaani wa mji huu wanaifahamu ishara hiyo na wengi hurudi nyuma kabla mkono haujagusa chini. Wewe ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina tiba.

Masika yana mambo yake. Madimbwi huchanganyika na mkojo wa panya, na humo ndimo inamokaa homa ya mgunda, ileile iliyoleta taharuki Lindi mwaka 2022. Inampata mtu, inampata mbwa. Msipite majini, na usimwache anywe dimbwi. Ndiyo sababu ya ile chupa ya nusu lita.

Ufukweni, Coco Beach au Kigamboni, nendeni asubuhi ya siku ya kazi maji yakiwa yamekupwa. Mchanga uliolowa ni mgumu, hauchoshi viungo kama ule mkavu. Jumapili jioni kuna mishikaki, watoto na mipira; hapo si pa mbwa. Mpe maji baridi kabla hamjafika, kwa sababu akinywa ya bahari atatapika na kuharisha. Na akiokota samaki aliyekauka mchangani, mnyang'anye. Anaweza kuwa bunju, ambaye sumu yake huua.

Akizidiwa na joto

Dalili ni hizi: ulimi umepanuka na kuwa mwekundu sana, mate mazito ya kunata, fizi nyekundu iliyoiva, kisha kuyumba. Usimkokote nyumbani. Mweke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani, kwenye mapaja na nyayo, huku unampepea kwa chochote ulicho nacho. Taulo lililolowa usimfunike nalo, linafungia joto ndani. Mpe maji alambe kidogokidogo, usimmiminie mdomoni. Kisha bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo, hata kama amesimama na anatikisa mkia, maana figo na damu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye. Mbwa wenye pua fupi, wazee na wanene hufika hapa haraka kuliko wengine; wao dakika kumi zinatosha miezi ya joto.

Mkirudi

Mpitishie vidole mwilini dhidi ya uelekeo wa manyoya. Kupe hupenda ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani na katikati ya vidole. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumkamua, mtumbukize kwenye spiriti. Usimpake mafuta ya taa. Suuza nyayo kama mmetoka ufukweni, chumvi huzipasua.

Ugali wake ungoje muda wa saa moja. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu akila sana na kukimbia, au akikimbia na kula palepale, tumbo huweza kujaa gesi na kujisokota, na likijisokota mna saa chache tu za kumfikisha kwenye upasuaji. Mpe maji, mfungulie kivuli, nawa mikono kwa sabuni, unywe chai yako kwanza.