Namna ya Kuchagua Nchi ya Ng'ambo kwa Safari ya Kumbukumbu ya Ndoa kwa Gharama Nafuu

Wanandoa wengi wanaopanga kuadhimisha ndoa yao nje ya nchi huanza na picha. Mmoja humwonyesha mwenzake ufukwe mweupe kwenye simu, mwingine huitikia, na nchi inakuwa imekwisha kuchaguliwa kabla ya shilingi moja kuhesabiwa. Mimi na mume wangu tulifanya hivyo katika mwaka wetu wa tano, tukaenda Shelisheli kwa sababu safari ya ndege kutoka Nairobi ni ya saa chache tu, viza haihitajiki na tiketi tuliipata kwa bei ya chini. Kufikia siku ya nne tulikuwa tukinunua mkate na mayai dukani na kula chumbani, kwa kuwa fedha za chakula zilikuwa zimekwishia kwenye teksi na boti ya kutoka kisiwa kikuu cha Mahé kwenda kisiwa cha Praslin. Shelisheli ni nchi nzuri mno na siijutii; kosa lilikuwa katika hesabu yetu. Mwaka wa kumi tulikwenda mbali zaidi, Malaysia, tukakaa siku nyingi zaidi, na bado tulirudi tukiwa tumetumia fedha pungufu.

Tofauti ya safari hizo mbili ilitokana na kitu ambacho tiketi haikionyeshi, nacho ni gharama ya siku moja kwa watu wawili. Chukueni daftari na muandike kwa kila nchi mnayoifikiria mafungu mawili tu: nauli ya kwenda na kurudi kwa wote wawili, na kiasi ambacho siku moja itawagharimu kwa malazi, milo mitatu, usafiri wa ndani na kiingilio cha mahali pamoja pa kutembelea. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, nchi ya karibu ina nauli ya shilingi za Tanzania milioni 2.2 kwa wawili na siku moja hugharimu 650,000, wakati nchi ya mbali ina nauli ya milioni 4.4 na siku moja hugharimu 250,000. Kwa siku tatu, nchi ya karibu itawagharimu milioni 4.15 na ya mbali milioni 5.15. Kwa siku saba mambo hugeuka: ya karibu hufika milioni 6.75, na ya mbali husimama kwenye milioni 6.15. Kwa hiyo swali la kwanza la kujibiwa nyumbani ni siku ngapi mtapata ruhusa kazini na siku ngapi watoto wanaweza kubaki na bibi yao, kwa maana idadi hiyo ya siku ndiyo itakayoamua kama nchi fulani ni nafuu kwenu au la. Mwenye siku tatu asihangaike na Asia, na mwenye siku kumi asidanganywe na ukaribu.

Gharama ya siku haipatikani kwa kukisia. Tafuteni bei ya chumba cha watu wawili cha hadhi ya kati kwa tarehe zenu zenyewe, kwa sababu bei ya Februari haifanani na ya Desemba, kisha msome orodha ya vyakula ya mikahawa miwili au mitatu ya kawaida katika mji huo. Njia bora zaidi ni kumuuliza mtu anayeishi huko, na hapa wasemaji wa Kiswahili tuna bahati yetu: ni familia chache za pwani na visiwani zisizo na jamaa Muscat, mji mkuu wa Oman, na Malaysia ina wanafunzi wengi kutoka Afrika Mashariki. Muulizeni anakula wapi mchana akiwa kazini au chuoni, na analipa kiasi gani. Jibu hilo moja lina manufaa kuliko kurasa nyingi za matangazo.

Pasipoti ifunguliwe mapema. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi sita au zaidi, na wengi hugundua upungufu huo wakiwa wamekwisha kulipa. Viza nayo ihesabiwe kama sehemu ya gharama. Ada ya viza ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ombi likikataliwa. Maana yake wanandoa huweka rehani yuro 180 kabla ya kujua kama watasafiri, pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000 kwa kila mmoja. Thailand ni nafuu sana ukishafika, lakini sisi wa Tanzania na Kenya huomba viza kabla ya kuondoka. Malaysia na Morisi zimekuwa zikiwapokea wenye pasipoti ya Tanzania au Kenya kwa matembezi mafupi bila viza, na hilo pekee huokoa fedha na siku za kufuatilia. Hata hivyo, masharti haya hubadilika, na yanapaswa kuthibitishwa kwa ubalozi au idara ya uhamiaji ya nchi husika katika mwezi uleule mnaokata tiketi. Malaysia, kwa mfano, humtaka mgeni ajaze fomu ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kuingia. Fomu hiyo ni bure, na tovuti yoyote inayodai malipo kwa ajili yake si ya serikali.

Mambo mawili madogo yameharibu safari za watu ninaowafahamu, nami nayasisitiza. La kwanza ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo nchi kadhaa za Asia humdai anayetoka kwetu. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu mwaka 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote, hivyo ya zamani isitupwe. La pili ni jina. Mke ambaye pasipoti yake bado ina jina la baba yake akatiwe tiketi kwa jina hilo hilo, herufi kwa herufi, hata kama kila mtu mtaani anamwita kwa jina la mumewe. Kusahihisha jina kwenye tiketi hulipiwa, na mashirika mengine hulazimisha ununuzi mpya.

Majira ya mwaka ndiyo sehemu inayohitaji fikra nyingi kuliko zote, kwa sababu tarehe ya ndoa haiwezi kusogezwa ilhali mvua na bei havikungoji. Harusi nyingi za kwetu hufungwa Desemba, ambapo jamaa wote wako likizo, na Desemba ndiyo mwezi ambao nauli hupanda karibu kila mahali duniani. Wenye tarehe hiyo wana njia mbili: kuiadhimisha siku yenyewe nyumbani kwa chakula cha jioni na kusafiri mwishoni mwa Januari, au kusafiri Desemba hiyohiyo wakiwa wamekata tiketi miezi mingi kabla. Mimi naiona njia ya kwanza kuwa ya busara zaidi. Waislamu wana nafasi ya ziada ambayo wachache huikumbuka: waliofunga ndoa Shawwal au Rajab wana tarehe mbili, ya Kiislamu na ya kawaida, na kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11, tarehe hizo mbili huachana zaidi kila mwaka. Baada ya miaka kumi zimetengana kwa zaidi ya miezi mitatu, na wanandoa wanaweza kuchagua ile inayoangukia msimu wa bei nafuu.

Msimu wa bei nafuu, lakini, uchunguzwe sababu yake. Muscat huwa na vyumba vya bei ya chini kati ya Juni na Agosti kwa sababu joto hupita nyuzi 40 na mchana hakuna matembezi. Kwa kupumzika pamoja huko, Oktoba hadi Machi ndiyo wakati wake. Salalah, kusini mwa Oman, ni kinyume: kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba mvua nyepesi za khareef huifanya milima kuwa ya kijani, na bei hupanda kwa ajili ya hilo. Morisi iko kusini mwa ikweta na Julai yake ni ya baridi kidogo, yenye upepo mkali upande wa mashariki, hivyo anayesafiri wakati huo atafute malazi upande wa magharibi, kama Flic en Flac, au kaskazini. Januari hadi Machi ndipo hatari ya vimbunga huwa kubwa. Malaysia ina pwani mbili zenye tabia tofauti. Visiwa vya mashariki kama Perhentian hupigwa na mvua za kaskazi kuanzia Novemba hadi Februari, na nyumba nyingi za wageni hufungwa kabisa, wakati Langkawi upande wa magharibi huwa na jua katika miezi hiyohiyo. Mtu akiona chumba cha bei ya kushangaza mwezi Desemba, aangalie kwanza kiko pwani ipi.

Sisi tulikwenda Langkawi mwezi Februari. Kisiwa hicho kimekuwa eneo lisilotozwa ushuru tangu 1987, na hoteli huongeza kodi ya ringgit 10 (fedha ya Malaysia) kwa kila chumba kwa usiku kwa mgeni wa kigeni, kodi ambayo tuliiandika daftarini mapema. Kilichotuokolea fedha zaidi ni chakula. Usiku tulikaa kwenye viti vya plastiki vya mgahawa wa kando ya barabara, tukimtazama mpishi akiurusha unga uliokandwa na kuuzungusha mikononi mpaka ukawa mwembamba kama kitambaa, akaukunja na kuuweka juu ya chuma cha moto. Roti canai hiyo, ambayo yeyote aliyelelewa kwenye chapati za kusukuma ataitambua mara moja kuwa ni ndugu yake, huletwa na mchuzi wa dengu, na chai ya maziwa humiminwa kutoka kikombe kimoja hadi kingine kwa mkono ulionyooshwa juu hadi itoe povu. Tulikula hivyo jioni tatu kati ya saba, na jioni ya kumbukumbu yenyewe tukaenda kwenye mgahawa mzuri wa ufukweni bila wasiwasi wowote, kwa kuwa fedha yake ilikuwepo.

Yako matumizi ya nyumbani yanayosahaulika: mshahara wa ziada wa dada anayebaki na watoto, umeme na chakula cha nyumba, na zawadi za jamaa, ambazo kwetu hazikwepeki na ambazo huhitaji pia nafasi kwenye mizigo. Mashirika ya nauli ya chini huuza tiketi bila begi, kwa hiyo ulinganisho wa nauli ufanywe begi likiwa limehesabiwa. Kukusanya fedha kupitia mchezo au kikoba kunafaa sana, mradi zamu yenu iombwe mwezi mmoja kabla ya kukata tiketi. Dola za kubeba ziwe noti safi za toleo jipya, zisizo na mkunjo wala maandishi. Na mashine ya kadi ikiwauliza kama mnataka kulipa kwa shilingi au kwa fedha ya nchi mliyomo, chagueni fedha ya nchi hiyo, kwa sababu kiwango cha shilingi wanachoweka huwa na faida yao ndani.

Mkishachagua nchi, tazameni tiketi na kalenda kwa pamoja kabla ya kulipa. Malaysia iko mbele yetu kwa saa tano, na anayeondoka Dar es Salaam jioni kupitia Ghuba hufika kesho yake, akiwa amechoka. Ndege ikiondoka siku ya kumbukumbu, siku hiyo huishia kwenye foleni za viwanja viwili. Pangeni kumbukumbu iwe siku ya tatu baada ya kufika, kisha mwandikieni mwenye hoteli wiki moja kabla, mkimweleza tarehe na miaka ya ndoa yenu. Sisi hatukuomba chochote zaidi ya chumba tulivu, na tuliporudi kutoka baharini mchana ule tulikuta maua ya jasmini yametandazwa kitandani na keki ndogo yenye namba 10.